"Kijiji cha mbali": mbali kutoka wapi?

Msoma Habari, Arua

Salamu kwenu wote, wakubwa kwa wadogo. Nina swali lililonikaa moyoni wiki tatu sasa. Naomba mnisaidie, hasa wazee mliosoma mambo ya zamani.

Mimi husoma taarifa ya habari ya saa moja jioni katika redio moja ndogo hapa Arua, Uganda, karibu na mpaka wa Kongo. Nasoma kwa Kiswahili, na mwenzangu hunifuata kwa Kilugbara. Huu ni mwaka wangu wa tisa. Chumba chetu cha habari kina watu wanne, kompyuta mbili, na pikipiki moja ambayo mafuta yake huombwa kwa barua. Habari za wilaya tunazitafuta wenyewe. Habari za nje tunazichukua mtandaoni: nafungua ukurasa wa shirika kubwa la habari, nasoma Kiingereza, natafsiri, nafupisha, napeleka studio. Na kwetu Kongo nayo huhesabiwa "nje", ingawa nusu ya ukoo wangu iko huko.

Jumanne moja, wiki tatu zilizopita, watu walianza kuvuka mpaka tangu alfajiri. Walikuja na magodoro vichwani, kuku, masufuria, watoto mgongoni. Usiku wake milio ya risasi ilikuwa imesikika upande wa pili. Shemeji yangu anauza samaki wakavu Ariwara, mji wa soko upande wa Kongo. Alinipigia simu saa mbili asubuhi, analia. Watu wa hapa mnaijua Ariwara. Mtu hutoka Arua asubuhi akanunua vitenge vyake na jioni yuko nyumbani.

Nikakaa kuandika. Mhariri akaniuliza chanzo changu ni nani. Nikasema shemeji. Akasema shemeji peke yake hatoshi, tafuta kitu cha kuthibitisha. Kwa taratibu za kazi alikuwa sawa, simlaumu. Mtu mmoja anayelia kwenye simu si habari iliyokamilika. Lakini hatukumtuma mtu. Pikipiki haikuwa na mafuta, na barua haikuandikwa. Tukangoja. Kesho yake usiku shirika moja la nje likatoa aya tano, zilizoandikwa Kinshasa na kuhaririwa Ulaya, zikisema kwamba watu wenye silaha wameshambulia "kijiji cha mbali kaskazini-mashariki mwa Kongo". Nikatafsiri. Nikaingia studio nikasoma kwa sauti yangu mwenyewe: kijiji cha mbali.

Nilipotoka, mlinzi wetu, mzee wa Kikakwa ambaye huwa hakosi taarifa yangu, akaniuliza: "Mwanangu, mbali kutoka wapi?"

Sikuwa na jibu, na sina mpaka leo. Kutoka kiti changu mpaka kijiji kile, boda hachukui asubuhi nzima. Habari ilitoka pale, ikaenda Kinshasa upande wa pili kabisa wa Kongo, ikaenda Ulaya, ikarudi Arua, ikasomwa kwa watu ambao tangu jana yake walikuwa wamewalaza wakimbizi wale sebuleni mwao. Na ilikuja imebeba macho ya yule aliyeiandika, nami nikayavaa.

Kwenye semina moja nilisikia kwamba miaka ya sabini nchi zetu ziliwahi kulipigania jambo hili UNESCO, shirika la Umoja wa Mataifa la elimu, sayansi na utamaduni, hata likapewa jina kubwa, Mfumo Mpya wa Dunia wa Habari na Mawasiliano. Mwezeshaji alilitaja akapita. Ilikuwaje? Nani alishinda? Na sisi tulio chini kabisa tufanye nini?

Mwalimu Mstaafu, Masindi

Mwanangu wa Arua, nimefundisha historia miaka thelathini na minne, na jambo hili nililifundisha kila mwaka ingawa halikuwa kwenye mtihani. Nitajibu kwa urefu, univumilie.

Wakati ule habari za dunia zilipita mikononi mwa mashirika machache: Associated Press na UPI za Marekani, Reuters ya Uingereza, AFP ya Ufaransa, na upande wa Wasovieti TASS. Gazeti la Lusaka likitaka kujua kilichotokea Accra lilinunua habari hiyo London au Paris. Nchi zisizofungamana na upande wowote zikaanza kulalamika kwa sauti moja. Mwaka 1975 zikaanzisha mpango wa pamoja wa kubadilishana habari kati ya mashirika yao, Tanjug ya Yugoslavia ikiwa mbele. Mwaka 1976 Mkutano Mkuu wa UNESCO ulifanyika hapa kwa jirani, Nairobi, na vita vya maneno vilikuwa juu ya hilo hilo. Wasovieti walileta rasimu ya azimio iliyotoa nafasi kubwa kwa serikali juu ya vyombo vya habari. Wamagharibi wakaikataa. Ikaahirishwa, kisha Mkurugenzi Mkuu, Amadou-Mahtar M'Bow wa Senegal, akaunda tume mwaka 1977.

Tume ilikuwa na watu kumi na sita, mwenyekiti Seán MacBride wa Ireland, ambaye alikuwa ameshapata Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 1974. Alikuwamo Gabriel García Márquez wa Kolombia. Alikuwamo Mustapha Masmoudi wa Tunisia, aliyelisukuma jambo hili kuliko wengi. Na wewe wa Arua ujue hili: alikuwamo Elebe Ma Ekonzo kutoka Zaire, yaani Kongo ya leo, nchi hiyo hiyo unayoiona ukisimama mpakani Vurra. Kutoka Uganda, Kenya na Tanzania hakukuwa na mtu.

Ripoti yao ilitoka 1980 na kupelekwa kwenye Mkutano Mkuu wa UNESCO, Belgrade. Niliisoma nakala iliyochakaa, kurasa za mwanzo hazipo. Walisema habari zinatiririka upande mmoja, kutoka kwa wenye mitambo kwenda kwa wasio nayo, na kwamba nchi maskini zinahitaji mitambo, mafunzo na sauti zao. Lakini walisema pia, na hili wengi hulisahau, kwamba udhibiti wa habari ni mbaya, na hawakukubali mwandishi apewe leseni ya kufanya kazi, kwa sababu anayetoa leseni ndiye atakayeinyang'anya. Mabwana wa kila upande wakasoma nusu yao. Marekani, iliyokuwa ikilipa robo ya bajeti ya UNESCO, ikajitoa mwisho wa 1984. Uingereza ikafuata mwaka uliofuata. Uingereza ilirudi 1997, Marekani 2003, na waliporudi meza ile ilikuwa imeshakunjwa.

Sasa nikuambie la kwangu. Wakati tume ile inakaa vikao, mimi nilikuwa kijana wa miaka kumi na sita hapa Masindi, na Rais Idi Amin yuko Kampala. Baba alikuwa na redio ya betri sita. Februari 1979 majeshi ya Tanzania yalipochukua Masaka, baba alilijua hilo kutoka London, sauti imepunguzwa mpaka tunaiegemea kwa masikio, dirisha limezibwa kwa blanketi. Mama alisimama mlangoni kuangalia asije mtu. Kwa hiyo mtu akiniambia sauti za nje zote ni za ubeberu, namkumbuka mama pale mlangoni. Sauti ile ilituambia lini tufungashe na lini tukae.

Lakini sauti ile haikuwa yetu, na mwenye nayo akitaka huizima. Machi 2025 amri ilitoka Washington na watangazaji wa Sauti ya Amerika wakapelekwa likizo, idhaa ya Kiswahili ikiwamo. Mamilioni ya wasikilizaji wa Afrika hawakuulizwa. Hilo ndilo lililokuwa kiini cha malalamiko ya miaka ya sabini, na mimi nasema yalikuwa ya haki. Bahati mbaya wengi wa waliokwenda kuyasema walikuwa mawaziri wa serikali ambazo nyumbani ziliwafunga waandishi. Madai ya haki yalibebwa na watu wasioaminika, yakafa nao.

Umeuliza nani alishinda. Angalia PANA. Mawaziri wa habari wa Afrika walikubaliana 1979 kuwa na shirika la habari la bara zima, likaanza kurusha habari kutoka Dakar 1983. Unajua lilidhoofishwa na nini? Ada. Nchi wanachama hazikulipa. Walioapa kwamba Afrika isimulie habari zake hawakutoa fedha za kumtuma mwandishi. Nakuachia hapo, maana nimeona umesema habari ya mafuta ya pikipiki.

Binti Lango, Lira

Mwalimu shikamoo. Kaka wa Arua, pole.

Mimi nilikuwapo Lira tarehe 13 Machi 2012. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili. Kama mnakumbuka, wiki moja kabla kikundi cha Wamarekani kilikuwa kimetoa mtandaoni video ya Kony 2012, ya kumhusu Joseph Kony, kiongozi wa waasi wa LRA waliotesa watu na kuteka watoto huku kaskazini, ikatazamwa zaidi ya mara milioni mia moja katika siku chache tu. Dunia nzima iliiona isipokuwa sisi. Huku kwetu nani alikuwa na intaneti ya kutazama video ya nusu saa? Basi shirika la vijana la hapa likatandika kitambaa cheupe kwenye bustani ya meya, likaleta jenereta na projekta, watu wakaja maelfu. Walikuja kwa baiskeli kutoka vijijini. Walikuja watu waliokatwa midomo, watu waliopoteza watoto. Nyanya yangu alikuja, amefunga kitambaa chake kizuri, kwa sababu aliambiwa kuna filamu inayoeleza mambo yaliyotupata.

Filamu ikaanza na mtoto wa Kizungu. Baba yake anamweleza nani ni mtu mbaya. Nyanya akaniuliza kwa Kilango, "Huyu mtoto ni wa nani, naye alitekwa?" Nikamwambia hapana. Akangoja. Tukangoja wote tuone sisi tuko wapi. Ilipofika mahali pa fulana na mabango yenye sura ya Kony, eti zinauzwa ili ajulikane, watu wakaanza kupiga kelele. Mawe yakarushwa kwenye kitambaa. Tukakimbia, mimi nimemshika nyanya mkono, kiatu chake kimoja kikabaki bustanini.

Ninachotaka kukuambia, kaka, si kila kitu kwenye video ile kilikuwa uongo. Kony alifanya aliyoyafanya. Ila wakati ule alikuwa ameondoka Uganda tangu 2006, sisi tulikuwa tunajenga upya nyumba, tunatafuta mbegu na ng'ombe, na hakuna aliyetuuliza tunataka nini. Video ilitengenezwa ili Mmarekani atoe dola thelathini. Ilitengenezwa kumhusu yeye. Sisi tulikuwa sababu tu.

Na nikuseme kidogo, usikasirike. Mwaka 2022 Karamoja, kaskazini-mashariki mwa Uganda, ilipokuwa na njaa, niliwasikia watangazaji wetu huku kaskazini wakisoma "wilaya ya mbali ya Kaabong". Mbali kutoka wapi, kama alivyosema mzee wako? Ninyi Arua mara ya mwisho kusikia Mkaramojong akisema mwenyewe hewani kwenu ni lini?

Msoma Habari, Arua

Dada, sikasiriki. Nimejaribu kukumbuka na sikumbuki hata mara moja. Nyanya bado yupo?

Binti Lango, Lira

Alituacha 2019. Asante kuuliza.

Fundi wa Nyaya, Tororo

Mimi si mtu wa habari, ni wa nyaya, lakini mlivyoeleza ile safari ya Ariwara kupitia Ulaya nimeshtuka, kwa sababu ndivyo intaneti yetu ilivyokuwa.

Kabla ya 2001, mtu wa Kampala akimwandikia barua pepe mwenzake wa Kampala hiyo hiyo aliyetumia kampuni nyingine, ujumbe ulipanda kwenye setilaiti, ukashuka ng'ambo ya bahari, ukarudi. Kampuni mbili ziko mtaa mmoja, lakini hazikuwa na waya kati yao. Na kila ujumbe ulilipiwa kwa dola, kwenda na kurudi. Mwaka 2001 wakakubaliana kuweka swichi moja, yaani kifaa cha kuunganisha nyaya, mahali pamoja, ile UIXP, kituo cha kubadilishana intaneti cha Uganda, kila mmoja akachomeka waya wake, na vya ndani vikaanza kubaki ndani. Hakukuwa na mkutano wa mawaziri. Ilikuwa swichi, umeme, na watu wachache waliokubali kuaminiana.

Nje bado tunategemea bahari ya wenzetu. Uganda haina pwani, kwa hiyo tunaunganishwa kupitia Kenya na Tanzania na nyaya za baharini zilizofika mwaka 2009 na 2010. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilikatika baharini upande wa Afrika Kusini, na sisi huku Tororo tukawa tunangoja picha moja ifunguke mpaka chai inapoa. Hilo halitatatuliwa na redio ya Arua. Lakini Arua na Ariwara hampungukiwi na waya wa baharini. Mnapungukiwa na swichi.

Mwandishi Huru, Kampala

Nakubaliana na wote, lakini tuwe macho. Kila mara neno "haki katika habari" linapopita mlango wa serikali, hutoka likiwa na kufuli.

Hapa kwetu Julai 2018 tuliwekewa kodi ya shilingi 200 kwa siku ili tufungue WhatsApp, Facebook na Twitter. Sababu mojawapo tuliyopewa ilikuwa umbeya mtandaoni. Julai 2021 ikaondolewa, ikawekwa kodi ya asilimia 12 kwenye bando la intaneti, kwa hiyo anayesoma habari analipa sawa na mpiga umbeya. Januari 2021 Facebook iliondoa akaunti ilizosema zimeshirikiana kudanganya watu, nyingi za upande wa chama tawala. Serikali ikasema kampuni ya kigeni haiwezi kuchagua upande katika uchaguzi wetu, ikaifunga Facebook. Usiku wa kuamkia kura, mtandao wote ukazimwa, ukarudi baada ya siku nne, tano hivi. Mama anayeuza nguo soko la Owino, Kampala, alikuwa na wateja wake wote Facebook. Yeye hakufuta akaunti ya mtu na hakumfungia mtu. Aliamka hana biashara, na tangu siku hiyo wengi wanaingia kwa VPN, programu ya kukwepa kizuizi, kama wezi.

Tazameni pande zote mbili zilivyosema. Kampuni ya California ilisema inalinda mazungumzo ya Waganda. Serikali ilisema inalinda uhuru wa Uganda. Mwenye haki ya kupashana habari, yaani yule mama, hakuwa upande wowote. Kwa hiyo ndugu wa Arua, ukitafuta suluhisho, usipeleke ombi juu. Litafute pembeni, kwa mwenzako anayefanya kazi kama yako.

Msoma Habari, Arua

Nimechelewa kurudi, samahani. Nilitaka nirudi na kitu mkononi.

Mwalimu, maneno yako ya ada nilimsomea mhariri kwa sauti. Alinyamaza, kisha akafungua droo akaandika barua ya mafuta mwenyewe. Lita tano kwa wiki, kwa ajili ya mpakani tu. Haijawahi kutokea.

Ijumaa nilikwenda Aru, mji ulio ng'ambo ya mpaka, upande wa Kongo. Kuna redio ya jamii pale, chumba kimoja, antena imefungwa kwenye mti. Msomaji wao wa Kiswahili ni kijana wa umri wangu. Tulikaa chini ya mwembe saa mbili nzima. Nikamweleza ile habari ya "kijiji cha mbali", akacheka kwa uchungu, akanionyesha daftari lake. Siku ile ile ya Jumanne alikuwa ameandika kila kitu: jina la kijiji, njia waliyoingilia, saa, majina ya waliouawa, idadi ya nyumba zilizochomwa. Alikwenda mwenyewe kwa baiskeli. Alisoma hewani, mawimbi yake yakaishia kwenye vilima. Mwandishi wa Kinshasa hakumpigia simu. Na mimi pia sikumpigia, niliye karibu kuliko wote. Hilo ndilo limeniuma zaidi.

Tumekubaliana hivi. Kila siku saa kumi jioni ananitumia habari kwa sauti kwenye WhatsApp, nami namtumia ya kwetu: bei za soko, waliovuka, njia zilizofungwa. Jambo zito kila mmoja athibitishe kwa mtu wa pili kabla halijasomwa. Kila mahali patajwe kwa jina lake. Neno "mbali" tumelifuta, labda useme mbali kutoka wapi. Dada wa Lira, nimeshampata pia mwalimu mmoja wa Kaabong kupitia rafiki, tunaanza naye Jumatatu. Fundi wa Tororo, nadhani hii ndiyo swichi uliyoisema.

Nina tatizo moja na ninaomba rai yenu. Kiswahili chake ni cha Kongo. Anasema "batu" ninapotarajia "watu", anachanganya Kilingala kidogo, na Kifaransa kwenye vyeo. Meneja anataka niisikilize sauti yake kisha niisome mimi kwa Kiswahili sanifu, eti wasikilizaji wasichanganyikiwe. Mimi roho inasita. Nisome mimi, au niirushe sauti yake kama ilivyo?

Mwalimu Mstaafu, Masindi

Irushe kama ilivyo, mwanangu. Nusu ya Arua husema hivyo hivyo wakiwa sokoni.

Binti Lango, Lira

Kama ilivyo. Na ataje jina lake mwenyewe mwisho wa habari, usimtajie wewe.